Taa za ufukweni Feri, Mtwara: tukaombe nini kwenye mkutano wa mtaa?

MamaKibua

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Mtwara mjini. Nachukua mzigo Feri alfajiri, naukaanga, jioni nauza. Mkutano wa mtaa umekaribia na mwenyekiti amekubali ajenda ya taa za ufukweni iingie, ila ametuambia tusiende kulalamika, twende na maombi yameandikwa. Wenzangu wakaona kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda na simu mkononi, basi niandike mimi. Tatizo tukikaa kuandika kila mtu anasema "taa ziwekwe" halafu kimya. Taa zipi? Ziwekwe wapi? Ziwake saa ngapi? Umeme wake nani analipa?

Kwa asiyeijua Feri yetu, ni hapo inapoegesha pantoni ya kwenda Msangamkuu, na jirani yake ndipo vyombo vya uvuvi vinaposhusha. Mchana hakuna neno. Jioni ndiyo kabisa, watu wanapunga upepo, watoto wanakimbizana, pweza anachomwa. Wakubwa wakija kukagua wanakuja saa hizo hizo, kwa hiyo wakiambiwa kuna giza wanashangaa.

Giza letu ni la saa tisa usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Wavuvi wa dagaa wanawakusanya samaki kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, ndiyo maana mbalamwezi vyombo vingi vinapumzika. Sasa ona: usiku ambao ufukwe wote unaonekana, sisi tumelala. Usiku wa giza totoro ndio tunajaa pale, wanawake wengi, kila mmoja na mtaji wake kiunoni. Na ikiwa bamvua na maji yamekupwa, chombo hakisogei, unakifuata huko huko kwenye tope na mawe.

Mnadani dalali anamwaga dagaa kwenye turubai na kila mtu anaelekeza tochi ya simu. Ile tochi inapiga weupe, magamba yote yanang'aa, dagaa wa jana na wa leo hapo ni ndugu moja. Kununua unanunua kwa kunusa. Wakati wa kulipa simu iko mdomoni umeing'ata, mkono mmoja unahesabu noti, mwingine umeshika beseni. Vibaka wanalijua hilo, na hawaji mnadani. Wanakaa pale kati, baada ya mabanda kabla hujafika kwa bodaboda, kipande ambacho mwanga wa huku haufiki na wa kule haufiki. Mwenzetu mmoja alisukumwa hapo, akajikwaa kwenye kamba ya nanga, akateguka kiwiko, na pochi ikaenda. Alipokwenda kutoa taarifa akaulizwa kama sura zao alizishika. Azishike kwa taa gani?

Kuna nguzo za sola zililetwa na mradi mmoja miaka ya nyuma, upande wa barabara, pale pa kukaa. Zilipendeza kweli. Siku hizi zinazowaka ni za kutafuta, na hizo zenyewe saa nane usiku zimeshalala.

Sitaki kwenda kuomba taa za kupigia picha. Wenye ujuzi naomba mnisaidie, mtu aandike kama anavyoongea, nami nitanukuu.

FundiWaya

Mama Kibua shikamoo. Mimi ni fundi umeme, nipo Chikongola, na hizo nguzo za sola unazosema nimeshapanda kuzichungulia.

Kuzimika saa nane si uchawi. Taa nyingi za sola za bei ya chini zimepangwa ziwake kwa nguvu zote likizama jua, saa tano hivi za mwanzo, halafu zijipunguze, zikiamini watu wameshalala. Betri ikiwa mpya utapata kamwanga mpaka asubuhi. Ikichoka hata hako hupati. Na kwa joto letu hizi betri za risasi hazidumu, zinavimba ndani ya kisanduku. Kwa hiyo kwenye barua msiandike "taa za sola" mkaishia hapo. Andikeni saa mnazotaka mwanga. Kidhibiti cha taa nzuri kinapangika: ikifika saa nne usiku ishuke nusu, saa nane ipande nguvu zote mpaka kuche. Kupanga si kazi kubwa, ila betri iwe ya kutosha saa hizo, na asiyeambiwa atakuachia ilivyotoka kiwandani. Betri mdai za lithiamu, zile za chuma na fosfeti, zinavumilia joto.

La pili ni chumvi, na hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Nguzo ya chuma iliyopakwa rangi tu haifiki mbali pwani. Inaanza kula pale chini inapokutana na zege, kwa sababu maji ya chumvi yanatuama pale, na kwa nje rangi inakuwa bado inang'aa. Siku ya upepo wa kusi inalala. Mdai nguzo iliyochovywa nzima kwenye zinki ya moto, ndani na nje, isiwe ya kupigwa rangi ya fedha. Zege liinuke juu ya ardhi na liwe na mgongo, maji yateremke. Nati na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kisanduku cha nyaya kiwe juu kuliko kimo cha mtu, maana kikiwa chini kuna watakaokifungua kabla ya kutu haijafika.

Urefu na nafasi: nguzo ya mita 6, kutoka moja hadi nyingine usizidishe mara nne ya urefu wake, yaani mita 20 mpaka 24. Watu wanapenda taa moja kali juu ya mlingoti mrefu, wanaona ndiyo maendeleo. Taa kali moja inafanya jicho lizoee mwanga, ukitoka hatua chache huoni kitu kabisa. Kipande chako cha kati mama, hapo wanapokaa wale jamaa, huenda kingekuwa na giza zaidi. Taa ndogo nyingi zinazopokezana ni bora kuliko jua moja.

Mnadani kwenyewe nisingeweka sola. Hapo vuteni umeme, mweke taa chini ya paa zikielekea turubai, na muombe taa inayoonyesha rangi vizuri. Kwenye boksi huwa imeandikwa CRI, itakiwe 80 au zaidi. Shavu la samaki jekundu utaliona jekundu, la kijivu utaliona la kijivu. Dalali hatafurahi.

NahodhaKaskazi

Wanangu, nimesoma. Mimi nimeshika usukani wa mashua miaka mingi, sasa nimewaachia vijana. Fundi ameongea vizuri lakini ameongea kama mtu anayesimama nchi kavu.

Sisi tunatoka gizani. Jicho la nahodha limezoea nyota na povu. Ukiniwekea taa nyeupe ufukweni inayotazama bahari, nakuja nimepofuka, na jicho kulirudishia giza lake ni kama nusu saa. Mbele yangu kuna mitumbwi haina hata kibatari, kuna mzamiaji pweza amerudi kwa kuchelewa, kuna nyavu. Nitawagonga kwa sababu mmeniwekea taa za usalama. Hata hizo nguzo za sola zilizopo, mbili tatu vichwa vyake vimegeukia maji. Nani aliyetaka samaki wasome?

Taa zitazame chini na zigeukie nchi kavu. Ziwe na kofia. Halafu hili msilisahau: msiweke rangi. Najua vijana wanapenda taa za rangi rangi kwenye mabanda, nyekundu, kijani, zinacheza. Baharini nyekundu na kijani zina maana yake. Chombo kina nyekundu kushoto na kijani kulia, na ukiingia bandari za kwetu kutoka bahari kuu, maboya mekundu unayaacha kushoto na ya kijani kulia. Hapa meli kubwa zinapita kwenda gatini, zinakuja kuchukua korosho. Banda la chipsi likiwaka kijani usiku kucha, mgeni atafikiri ni alama.

Mkitaka kutusaidia sisi, tuombeeni taa mbili ndogo za kuongozea, moja mbele chini, moja nyuma juu. Nikiziona zimesimama mstari mmoja najua nipo njiani. Hizo ndizo zitakazofanya chombo kije kushusha sehemu moja, na nyie mama zetu msihangaike kutufuata kila kona na mabeseni.

Mpambe_wa_Shangani

Naomba kutofautiana. Taa zikija, vigodoro vinakuja. Mtu akishaona pana mwanga analeta spika, analeta pombe, mpaka asubuhi. Sisi tunaokaa jirani na ufukwe tunalala saa ngapi? Giza nalo lina faida yake.

MamaKibua

Mpambe, giza lina faida kwako kwa sababu una ukuta na geti. Njoo siku moja saa kumi alfajiri usimame pale kati na ndoo ya vibua, halafu urudi hapa uandike tena.

Ila la spika nimelichukua, si neno dogo. Taa ikishuka nusu saa nne usiku, kama alivyosema fundi, wa spika wataona starehe imepungua, na sisi saa zetu tutakuwa nao mwanga. Fundi nimekuelewa hapo?

Mzee wangu Nahodha, shikamoo. Hilo la kushusha sehemu moja halijawahi kutujia kabisa. Tulikuwa tunawaza taa zitufuate sisi, kumbe vyombo vingeweza kufuata taa. Dagaa wenyewe ndivyo wanavyovuliwa.

FundiWaya

Umenielewa mama. Na mzee Nahodha nimekubali, kofia ni lazima. Taa yenye kioo bapa kinachotazama chini, isiwe ile ya kibuyu.

Mwanachuo_Mtwara

Habari za humu. Nimewahi kusoma kidogo mambo haya darasani, naongeza mawili tu.

New York mwaka 2016 waliweka minara ya taa ya muda, ile inayoendeshwa kwa jenereta, kwenye baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa kura, mengine wakayaacha yalivyo ili walinganishe. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takriban asilimia 36. Mtu akiwaambia kwenye mkutano kwamba taa hazina uhusiano na wizi, mtajeni huo.

Lakini msiende mkijaza kifua sana, kwa sababu Uingereza nako watafiti waliangalia halmashauri 62 zilizozima au kupunguza taa za barabarani usiku ili kubana matumizi, ripoti ikatoka 2015, na hawakukuta kwamba wizi wala ajali ziliongezeka. Ninavyoona mimi ni kwamba kuzima taa kwenye barabara isiyo na mtu saa tisa usiku hakumdhuru yeyote. Tofauti yenu ni kwamba saa tisa usiku nyie mpo. Andikeni idadi ya watu wanaokuwepo pale kwa saa. Wekeni mtu akae na daftari usiku wa giza, na siku nyingine usiku wa mbalamwezi, ahesabu. Hiyo itakuwa na nguvu kuliko New York.

BintiMsimbati

Jamani na kasa je? Kwetu Msimbati tupo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, imeanzishwa 2000, na tumefundishwa hili tangu shuleni. Kasa na ng'amba wakianguliwa usiku wanakimbilia upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Ukiweka taa nyeupe nchi kavu wanageuka wanakuja kwa watu, asubuhi unawakuta wamekauka au wameliwa na kunguru.

Sisemi Feri pana mayai, nyayo ni nyingi mno. Ila mwanga wa mlingoti mrefu unaonekana mbali, na ng'ambo ya maji kuna fukwe zilizotulia. Taa za njiani ziwe za rangi ya kahawia ya asali, siyo nyeupe ya hospitali. Macho ya kasa hayashtuki sana na rangi hiyo. Na mbu na wadudu hawaifuati kama wanavyofuata nyeupe, mtanishukuru.

MamaKibua

Binti, sasa hapo umenigonganisha na fundi. Yeye anataka taa ya kuonyesha shavu la samaki, wewe unataka ya asali. Kwenye taa ya asali samaki wote wana afya!

FundiWaya

Hakuna mgongano mama. Ya asali njiani na mchangani. Nyeupe chini ya paa la mnada tu, imefungwa pande zote isitoke nje, na swichi yake iwe mkononi mwa mtu wa mnada. Mnada ukiisha inazimwa. Binti Msimbati unasemaje?

BintiMsimbati

Ikiwa chini ya paa na haionekani kutoka majini, sina ugomvi.

BMU_mstaafu

Habari zenu. Niliwahi kuwa kwenye kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, wengi mnatuita BMU, mwalo mwingine wa kusini, siyo huo. Nina machache.

Taa bila macho ni kumrahisishia mwizi kuchagua. Anasimama gizani, wewe upo kwenye mwanga, anaona nani ana pochi nene. Kwa hiyo swali la kwanza kwangu lisingekuwa taa ziwe ngapi. Ningeuliza saa tisa usiku nani yupo pale ambaye anakaa, hapiti. Sisi tulichofanya ni kumbembeleza mama wa chai na maandazi aanze kazi usiku badala ya asubuhi, tukamweka pale palipokuwa pabaya kuliko pote. Jiko lake, benchi lake, na walinzi wetu wawili wanakunywa chai hapo hapo. Bodaboda nao wakahamia kwa sababu ya chai. Hatukuleta bunduki. Zanzibar Forodhani ukienda usiku unahisi salama kwa sababu ya wale wauza urojo na mishikaki. Ile bustani ilikarabatiwa ikafunguliwa upya 2009, taa ni nzuri, lakini ondoa majiko yote uone kama utakaa.

Lingine ni msimu. Korosho zikianza kuuzwa kuanzia Oktoba, pesa inaingia mjini na wageni wanaingia nayo. Kibaka wa Machi ni mtoto wa mtaani unayemjua kwa jina la mama yake. Wa Novemba humjui. Mpange ulinzi shirikishi uwe mzito miezi hiyo, msisubiri mtu aumie.

Na filimbi. Kila mchuuzi awe na filimbi shingoni. Mnacheka, lakini kelele ya mtu mwenye hofu haifiki mbali kukiwa na upepo, filimbi inafika.

Mwana_Lindi

Sisi huku Lindi tuna Kitunda ng'ambo ya ghuba kama nyie mlivyo na Msangamkuu, kwa hiyo kilio ni kile kile. Nikumbushe tu kwamba watu wa ng'ambo wanaokosa pantoni ya mwisho wanapanda mtumbwi usiku, na pale pa kupandia ni utelezi, ngazi zina mwani. Mimi ningetaka taa moja ya asali iwe hapo miguuni, kwenye ngazi zenyewe, chini kabisa. Watu wakisikia usalama wanafikiria wezi, wakati wengi tunaoumia tunaumia kwa kuteleza. Na boya la kurusha lenye kamba lining'inizwe hapo hapo kwenye mwanga, si kufungiwa ofisini.

Mtendaji_Mstaafu

Mama Kibua, hongera kwa kuja na swali lililonyooka. Nimekuwa mtendaji wa mtaa, naomba nikupe njia ya barua yako, maana nimeona barua nyingi nzuri zikifia kwenye faili.

Mkutano wa mtaa hauna fungu. Kazi yake ni kuibua hoja na kuiweka kwenye muhtasari. Hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari na uombe nakala, kwa sababu muhtasari ndio unaokwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka hapo diwani anaupeleka juu. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti za halmashauri zinapikwa miezi mingi kabla. Ukipeleka hoja Mei utaambiwa "tumeipokea", na ni kweli wameipokea, itakaa mwaka mzima. Peleka mapema, kabla Desemba haijaisha.

Pili, jua unamwandikia nani kuhusu nini. Barabara nyingi za mjini na taa zilizo juu yake ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Vivuko vya serikali viko chini ya TEMESA, wakala wa ufundi na umeme. Eneo la bandari lina mamlaka yake. Soko na mwalo ni halmashauri. Tena wewe uko Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ukivuka maji Msangamkuu uko Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara. Ukiandika "serikali iweke taa ufukweni", kila mmoja ataamini anaambiwa mwenzake. Mgawe ufukwe wako vipande kwa mchoro wa mkono, hata wa daftari, na kila kipande uandike ni cha nani. Nakala kwa wote, ili kila mmoja aone jina la mwenzake.

Tatu, sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka majini. Kabla mtu hajaitumia kuwapinga, ulizeni maafisa mazingira nguzo zikae wapi, na mabanda ya mama wa chai yawe ya kuhamishika.

Nne, nimeiweka mwisho lakini ni tamu. Mnalipa ushuru wa samaki pale, sivyo? Mkusanyaji anatoa risiti kwa mashine. Risiti ya mashine ina tarehe na saa. Kusanyeni za mwezi mmoja wa giza, zile za saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja. Ziambatanishe. Hapo huhitaji kumweleza mtu kwamba usiku kuna watu ufukweni. Mapato yameshasema.

MamaKibua

Mzee Mtendaji, nimesoma hiyo ya risiti kwa sauti hapa, mwenzangu ameinuka kwenda kupekua kapu lake sasa hivi. Tulikuwa tunafungia maandazi.

Basi nimeandika hivi, mnirekebishe. Tunaomba njia moja iangazwe, kutoka vyombo vinaposhusha mpaka kwa bodaboda, isikatike katikati, taa ndogo za asali zenye kofia, zitazame chini, zishuke nusu saa nne usiku na zipande saa nane mpaka kuche. Mnada uwe na paa na taa nyeupe ya umeme yenye swichi. Ngazi za kupandia ziwe na taa ya miguuni na boya. Taa mbili za kuongozea vyombo, hiyo nimeandika ni ombi la Nahodha na atakuja kuieleza mwenyewe. Taa za rangi mabandani zisitazame maji. Mama wa chai tunaye, anaitikia, anataka tu kuhakikishiwa hatabomolewa.

Filimbi tumeshachanga, hatusubiri bajeti.

Hatukubaliani kwenye LUKU ya mnada, yaani umeme wa kulipia kabla. Wengine wanasema halmashauri ilipe kwa kuwa inachukua ushuru. Wengine wanasema tukiitegemea, siku units zikiisha tutakaa gizani tukiandika barua, bora kila beseni lichangie kidogo kwa usiku na mtunza fedha awe mmoja wetu. Mimi niko upande wa pili, ila wenzangu wananiambia nimezoea kulipia vya watu.

Mtendaji_Mstaafu

Andika yote mawili. Halmashauri ilipe, na kikundi kiwe na akiba ya dharura ya siku chache. Mita iwe kwa jina la soko, isiwe kwa jina la mtu, la sivyo siku mkikosana ataondoka nayo.

Mpambe_wa_Shangani

Spika mmeziandika wapi? Sijaona.

MamaKibua

Nimeziandika chini ya mama wa chai: muziki mwisho saa nne. Njoo mkutanoni usaini, jina lako litatusaidia, watajua hata wenye mageti wamo.

FundiWaya

Mama, kabla hamjapeleka, nipigie nije na futi tupime hiyo njia. Ukiandika mita kamili na idadi ya nguzo, wahandisi wao watakosoa hesabu. Usipoandika watakosoa wazo. Tuje usiku wa giza, maji yakiwa yamekupwa, tuanzie kule chini kwenye tope.

NahodhaKaskazi

Bamvua ijayo basi. Mje na viatu vya mpira, kuna shaza.